Shajara ya Mradi: Kurudisha Vikumushi vya Kiingereza kwa Wenyewe

3 Machi

Mradi huu umezaliwa na sentensi moja. Katika rasimu ya ripoti ya robo mwaka ambayo ofisi yetu ya kilimo na mifugo, hapa Morogoro, huwaandikia wafadhili kwa Kiingereza, daktari wetu wa mifugo alikuwa ameandika: "After drinking the contaminated water, the veterinary officer treated twelve cows." Nilipoisoma kwa sauti kikaoni, mhasibu aliangua kicheko, na daktari akabaki anaitazama karatasi yake bila kuona kinachochekesha. Alikuwa na hakika ameandika kwamba ng'ombe 12 walikunywa maji yenye sumu na yeye akawatibu. Msomaji wa Kiingereza, hata hivyo, anamwona daktari akiyanywa maji hayo kwanza, kisha akielekea zizini na sindano mkononi.

Baada ya kikao mkuu wa kitengo aliniita. "Mwalimu, hii si mara ya kwanza," aliniambia. "Itafutie dawa." Wananiita Mwalimu kwa kuwa nilifundisha Kiingereza sekondari kabla ya kuja kuhariri ripoti. Nimepewa majuma sita nikusanye sentensi za aina hii kutoka ripoti zetu za nyuma, nizichambue, kisha nitoe mwongozo mfupi ambao mwandishi ataweza kuutumia peke yake kabla hajaniletea rasimu.

Kwa ajili ya kazi hii nitaita "kikumushi" neno, kirai au kishazi chochote kinachoeleza kitu kingine katika sentensi. Nimeanza na makosa mawili. Kuna kikumushi kilichokaa mbali na mwenyewe, ambacho kwa kawaida hupona kwa kuhamishwa, na kuna kikumushi kinachoning'inia, ambacho hakuna kiima cha kukishika na ambacho hakiponi kwa kuhamishwa tu. Sentensi ya daktari ni ya aina ya pili, ingawa ng'ombe wamo ndani yake. Ukikipeleka kirai mwisho, ukaandika "treated twelve cows after drinking the contaminated water", bado mnywaji ni daktari. Ng'ombe hawawezi kuwa wanywaji mpaka kitenzi kipewe mtendaji wake waziwazi: "treated twelve cows that had drunk the contaminated water".

5 Machi

Nimekusanya sentensi 40 na nimesimama hapo kwa sasa. Kutafuta kwa macho matupu kunachosha na kunadanganya, maana anayejua kilichokusudiwa husoma kilichokusudiwa badala ya kilichoandikwa. Nimeijaribu pia programu ya kukagua sarufi iliyomo katika kompyuta ya ofisi. Sentensi ya daktari ilipita bila kuwekewa hata alama moja, na siilaumu sana, kwa kuwa kila neno limeandikwa sawasawa na programu haijui nani kati ya daktari na ng'ombe hunywa maji ya bwawa.

Kilichofaa zaidi ni kutafuta maneno yanayofungua sentensi. Niliiagiza kompyuta inionyeshe kila sentensi inayoanza na After, Before, When, While, Using, Being, Based on, Compared to, As a na To, nikazisoma hizo tu. Nyingi hazikuwa na kosa lolote, lakini karibu kila kosa la kuning'inia nililokuwa nimelikuta kwa macho lilikuwa limejificha nyuma ya mojawapo ya maneno hayo.

10 Machi

Leo nimejiuliza swali ambalo lilipaswa kuwa la kwanza: daktari ni mtu makini, mbona hakuliona kosa lake hata baada ya kusomewa?

Nadhani nimepata jibu, na limo katika Kiswahili chake. Kitenzi chetu hutembea na mtendaji wake mgongoni. Mtu akisema "Tukitembea kuelekea shambani, mvua ilianza kunyesha", hakuna anayedhani mvua ndiyo iliyokuwa ikitembea, kwa sababu tu- imeshamtaja mtembeaji na i- imeitaja mvua. Sasa mtu huyohuyo anaandika kwa Kiingereza "Walking to the farm, the rain started". Kichwani mwake tu- bado ipo. Kwenye karatasi haipo, kwa kuwa umbo la kitenzi cha Kiingereza lenye -ing halina nafasi ya kiambishi cha nafsi. Msomaji naye, akikuta kitenzi kisicho na mtu, hukipa kiima kinachofuata baada ya mkato, na kiima hicho ni mvua. Mwandishi kwa hiyo hakukosea mantiki. Alidondosha silabi moja njiani na hakusikia ikianguka.

Kama ndivyo, dawa ni kuirudisha silabi hiyo, angalau pembeni mwa karatasi. Nimejaribu hivi: juu ya kitenzi cha -ing naandika kwa penseli kiambishi ambacho Kiswahili kingekitumia, kisha juu ya kiima cha sentensi naandika kiambishi chake. Vikilingana, sentensi inapita. Visipolingana, naitengeneza. Kwa sentensi ya daktari napata wa- juu ya "drinking" na a- juu ya "the veterinary officer". Katika "Being the rainy season, the road was impassable" napata u- ya msimu na i- ya barabara; hapo inatosha kuandika "Because it was the rainy season". Katika "As a mother of four, the loan changed my life", sentensi ambayo kwa namna moja au nyingine imo katika kila simulizi la mafanikio tulilowahi kumpelekea mfadhili, mama ni ni- na mkopo ni u-, kwa hiyo mkopo ndio uliozaa watoto wanne.

Kipimo kina udhaifu wake na nimeupata jioni hiihii. "Entering the store, the rat frightened the guard": panya ni a-, mlinzi ni a-, na penseli yangu haina la kusema. Watu na wanyama wote hushiriki kiambishi kimoja. Kwa hiyo katika mwongozo nitaagiza mwandishi aandike kiambishi pamoja na jina la mtendaji, asiridhike na silabi peke yake.

Pia nisijisifu kwa niaba ya lugha. Kiswahili nacho kina mlango wa nyuma, na mlango huo ni ku-. "Baada ya kunywa maji yenye sumu, daktari aliwatibu ng'ombe 12" inachechemea kama ndugu yake wa Kiingereza, kwa kuwa "kunywa" imevuliwa nafsi. Nashuku kwamba daktari aliifikiri sentensi yake kwa umbo hili hasa. Angefikiri "Ng'ombe 12 walipokunywa maji yenye sumu", pengine Kiingereza chake kingetoka salama.

12 Machi

Leo nimeshughulikia vishazi rejeshi. Sentensi ya mfano ni ya bwana shamba wetu: "We gave seeds to the farmers that were treated with fungicide." Wakulima wamepakwa dawa ya ukungu, na mbegu zimebaki hivihivi.

Hapa tena Kiswahili kinambeba mwandishi. "Tuliwapa wakulima mbegu zilizotiwa dawa ya ukungu" ina zi- na -zo- ambazo haziwezi kumwangukia mkulima. Hata ukiupindua mpangilio ukasema "Mbegu tuliwapa wakulima, zilizotiwa dawa", sikio linalalamika kidogo lakini maana haipotei. Upatanisho wa ngeli ni kamba inayomfunga mwelezaji kwa mwelezwa, na kamba hiyo inanyumbulika. Kiingereza kilikuwa na kamba za namna hiyo zamani. Kiingereza cha Kale kilikuwa na jinsi tatu za nomino, na vivumishi vilibadilika miisho kulingana na jinsi, idadi na uhusika wa nomino. Miisho hiyo karibu yote ilififia katika karne zilizofuata, na kazi iliyokuwa ikifanywa nayo ikahamia kwenye mpangilio wa maneno. Kinachoshika sasa ni ujirani, basi kishazi kinaandikwa mlangoni pa nomino yake: "We gave the farmers seeds that were treated with fungicide."

Bwana shamba alipoona masahihisho aliniuliza, "Kwa hiyo Mwalimu, Kiingereza hakina ngeli, kina foleni?" Nimeliandika ubaoni jinsi alivyolisema.

Kwa haki, kamba zetu nazo hukatika pale nomino mbili zinapokuwa za ngeli moja. "Nilimwona mtoto wa mwalimu aliyeanguka" haisemi nani alianguka, wakati "Nilikiona kitabu cha mwalimu kilichoanguka" haina utata wowote. Nimegundua kwamba mfano huu wa Kiswahili ndio unaowaonyesha wenzangu tatizo kwa haraka kuliko mifano yote ya Kiingereza, kwa kuwa wanausikia utata huo kwa masikio yao wenyewe.

18 Machi

Mhasibu, aliyecheka sana siku ile, leo zamu yake imefika. Aliandika: "The project only paid transport allowances to farmers in Mvomero." Nilimuuliza alimaanisha nini, akasema, "Si imeandikwa hapo?" Tukakaa na daftari la malipo. Je, mradi ulilipa nauli tu, bila posho ya chakula? Uliwalipa wakulima tu, bila maofisa ugani? Au uliwalipa wa Mvomero tu, wa Kilosa wakakosa? Daftari lilionyesha kwamba ni la tatu. Sentensi yake iliruhusu yote matatu, na mkaguzi wa hesabu angeweza kuchagua lile baya.

Ugumu wa "only" kwetu ni kwamba "tu" hufuata neno inalolibana na "only" hutangulia. Anayehamisha neno kutoka lugha moja hadi nyingine lazima alivushe upande wa pili wa jirani yake: "Mvomero tu" inakuwa "only in Mvomero". Waingereza wenyewe, wakizungumza, huiweka "only" kabla ya kitenzi bila kujali, kwa sababu mkazo wa sauti huonyesha kilichokusudiwa. Karatasi haina mkazo. Sitawasumbua watu wanaoandika "we only have two vehicles", maana hapo hakuna wa kupotea. Nitasisitiza pale penye fedha, idadi na mahali.

"Almost" ni hatari zaidi. Ripoti moja ya zamani inasema "We almost lost thirty chickens to Newcastle disease", na msomaji anashukuru kwamba hakuna kuku aliyekufa. Mdondo ulikuwa umeua kuku 28. Kiswahili kinatenganisha mambo haya kwa vitenzi viwili tofauti, "tulinusurika kupoteza" na "tulipoteza karibu", wakati Kiingereza kinayatenganisha kwa hatua moja tu ya neno: "We lost almost thirty chickens."

20 Machi

Siku fupi. Nimeongeza aina ya tatu, kikumushi chenye makengeza, ambacho kimekaa katikati na kutazama pande mbili kwa wakati mmoja. "Farmers who spray regularly report fewer losses": wananyunyiza dawa mara kwa mara, au wanatoa taarifa mara kwa mara? Kuandika "who regularly spray" kunakigeuza upande mmoja. Mkato hausaidii hapa, nimeujaribu.

25 Machi

Leo nimebishana na mtaalamu wetu wa udongo, mzee ambaye amechapisha makala nyingi kuliko sisi wengine wote tukijumlishwa. Nilimwamkia, nikamwonyesha sentensi yake: "Using a soil auger, samples were collected from each plot." Kwa kipimo changu tu- iko juu ya "using" na zi- iko juu ya "samples", maana yake sampuli zilishika chombo cha kuchimbia zikajichimba zenyewe. Alitabasamu akasema kwamba sentensi za namna hiyo zimo katika majarida ya sayansi tangu akiwa mwanafunzi, na kwamba hajawahi kuona msomaji aliyedhani udongo una mikono.

Ana hoja. Waandishi wa sayansi hupenda kauli ya kutendwa kwa sababu inamwondoa mtafiti mbele ya jicho na kuiacha kazi yenyewe. Kirai cha "using" kinamhitaji mtu yuleyule aliyeondolewa. Mambo haya mawili yanagombana, na wasomaji wa fani wamezoea ugomvi huo kiasi kwamba hawausikii. Lakini ripoti zetu hazisomwi na wataalamu wa udongo peke yao, tena mwandishi anayejiruhusu "using" salama leo ataandika kesho "Using motorcycles, the goats were reached in two days", nami nitawaona mbuzi wamepanda pikipiki.

Tumepatana hivi. Anayetaka kubaki na kauli ya kutendwa aiondoe "using" na kuweka "with", kwa kuwa "samples were collected with a soil auger" haidai mtendaji wa ziada. Anayetaka kubaki na "using" amrudishe mtu: "Using a soil auger, we collected samples." Mzee alichagua "with". Alisema "we" inamfanya ajisikie kama anahutubia mkutano wa hadhara.

Kosa la jamii hiyo linalotokea katika malengo ni hili: "To control fall armyworm, the fields were inspected twice a week." Mashamba hayana nia ya kupambana na viwavijeshi vamizi, wenye nia ni wakulima. "To control fall armyworm, farmers inspected their fields twice a week" haiongezi hata neno moja, na inamwambia mfadhili nani alifanya kazi.

27 Machi

Nimevuka mpaka na nimerekebishwa. Katika shauku yangu nilipiga msalaba mwekundu kwenye "Considering the drought, the harvest was good", nikidai kwamba mavuno hayawezi kutafakari ukame. Ofisa wetu wa mawasiliano, dada mdogo kwa umri lakini mwenye kamusi nzuri, alinionyesha kwamba kamusi zinaorodhesha "considering" kama kihusishi kamili, kama zinavyofanya kwa "regarding". Vivyo hivyo "generally speaking" na "judging from" zimekuwa misemo isiyodai mtendaji, kama sisi tunavyosema "kusema kweli" bila yeyote kuuliza nani anayesema. Nimezifuta alama zangu. Pia nimeacha kuhukumu sentensi ambazo kirai kimekuja na kiima chake, kwa mfano "The rain having stopped, the vaccination resumed". Hicho hakining'inii popote, kimesimama kwa miguu yake.

Huyohuyo dada alinikumbusha kwamba hata Shakespeare aliliacha moja. Katika Hamlet, mzimu wa mfalme anasema watu wameambiwa kwamba "sleeping in my orchard, a serpent stung me". Kwa sarufi ya shuleni nyoka ndiye aliyekuwa amelala. Nilijaribu kuigeuza papo hapo: "nilipokuwa nimelala bustanini mwangu, nyoka aliniuma." Kosa limetoweka bila mimi kulitafuta, kwa sababu Kiswahili hakikuniruhusu nilale bila kusema ni nani aliyelala.

2 Aprili

Mwanasheria anayetupitia mikataba alisikia habari za mradi akaleta kifungu: "The partner shall return vehicles and equipment purchased with project funds." Je, mshirika arudishe magari yote, hata yale aliyokuja nayo, au yale tu yaliyonunuliwa kwa fedha za mradi? Kirai cha mwisho kinaweza kushika nomino zote mbili au ile ya karibu peke yake.

Mahakama ya Juu ya Marekani imekutana na fundo la aina hiyo zaidi ya mara moja. Mwaka 2016, katika kesi ya Lockhart, majaji sita dhidi ya wawili waliamua kwamba kirai cha mwisho wa orodha kilieleza kitu cha mwisho tu. Mwaka 2021, katika kesi ya Facebook dhidi ya Duguid, kilichobishaniwa kilikuwa maneno ya sheria ya simu ya 1991 yanayotaja mtambo wenye uwezo "to store or produce telephone numbers to be called, using a random or sequential number generator". Kama "using" inashika "produce" peke yake, basi mtambo wowote unaohifadhi namba na kuzipiga umo ndani ya sheria. Safari hii mahakama iliamua kwamba inashika vitenzi vyote viwili, na Facebook ikashinda. Mahakama ileile, ndani ya miaka mitano, imekipeleka kirai cha mwisho pande mbili tofauti, kila mara kwa sababu za muktadha.

Mwanasheria wetu hakutaka kungoja muktadha. Tumeandika "equipment purchased with project funds and all vehicles purchased with project funds". Ni nzito mdomoni, na imeachwa hivyo kwa makusudi.

8 Aprili

Nimeujaribu mwongozo kwa waandishi watano. Kila mmoja alipewa ukurasa wa ripoti yake mwenyewe na penseli. Kipimo cha viambishi kilishika haraka kuliko nilivyotarajia, hasa kwa wale waliosema sarufi ya Kiingereza iliwashinda shuleni. Walichoshindwa ni kutengeneza. Wakishaona kosa, wengi hukihamisha kirai mwisho wa sentensi wakidhani wamemaliza, kama nilivyoeleza siku ya kwanza kuhusu ng'ombe. Nimeongeza aya nzima juu ya hilo: ama badilisha kiima ili kiwe mtendaji wa kirai, ama kigeuze kirai kuwa kishazi chenye kiima chake. Kuhamisha ni kwa kikumushi ambacho mwenyewe yumo na anaweza kukishika, kama katika "Farmers were trained to store maize in the village office", ambapo mafunzo ndiyo yaliyofanyika ofisini na mahindi hayakuhusika. Hapo "in the village office" ikihamia mwanzo mambo yanaisha.

14 Aprili

Mwongozo umefikia kurasa sita na umepelekwa kwa mkuu wa kitengo. Zimebaki sentensi nne ambazo sijaziwekea masahihisho, zote za "based on", kwa kuwa bado sijaamua kama nipambane nazo au nizihesabu pamoja na "considering". Naelemea kuzisamehe pale kiima kinapokuwa "we".

Asubuhi daktari wa mifugo aliniletea ripoti mpya. Nilipitisha penseli mstari kwa mstari, wa- juu ya wa-, a- juu ya a-, sikupata kitu. Naye alikuwa ameshika karatasi yangu, dibaji ya mwongozo niliyoiandika kwa Kiswahili, na ameizungushia duara sentensi ya pili: "Baada ya kusoma mwongozo huu, ripoti zetu zitaeleweka vizuri zaidi." Juu ya "kusoma" alikuwa ameandika tu-. Juu ya "ripoti" alikuwa ameandika zi-. "Mwalimu," aliniuliza kwa upole mwingi, "ripoti zimeanza kusoma lini?"

Imebadilishwa: "Tukishausoma mwongozo huu, tutaandika ripoti zinazoeleweka vizuri zaidi."